Trela iliyotumika (Busia na Malaba)

Trela iliyotumika ni chombo cha mizigo kisicho na injini, kinachokokotwa na kichwa cha lori na kuuzwa tena na mwenyewe. Busia na Malaba ndiko malori mengi yanakovukia kutoka Kenya kuingia Uganda, yakipeleka shehena za bandari ya Mombasa hadi Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo. Anayenunua trela huku hujiuliza mapema atamuuzia nani baadaye.

Thamani ya kuuzia iko chini ya trela. Rangi mpya hufunika viraka vya kuchomelea, kwa hiyo mnunuzi makini huingia uvunguni na tochi, akafuata mihimili ya chesisi hadi shingoni, ambako mizigo ya kupindukia huacha nyufa. Hukagua pia kingipini, ile pini inayoshikana na kichwa, kama imelika. Ekseli za BPW za Ujerumani na FUWA za China zinafahamika kwa mafundi. Ekseli isiyojulikana jina humtisha mnunuzi wa pili.

Idadi ya ekseli ina uzito wake kisheria. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Mizigo ya Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013, ekseli 2 zenye magurudumu 8 hubeba tani 18, na ekseli 3 zenye magurudumu 12 hubeba tani 24. Tani 6 zikipotea kila safari, si ajabu trela ya ekseli 2 ikadoda. Mizani ya Webuye, kwenye barabara ya Malaba, haina huruma.

Trela bapa yenye kufuli za kontena huuzika upesi kwa kuwa hubeba pia magunia na vyuma. Tangi la mafuta lina wanunuzi wachache.

Kisha hati. Nchini Kenya trela ina logibuku yake, mbali na ya kichwa, na namba yake huanza na herufi Z. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya logibuku. Umiliki huhamishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Trela ya namba ya Uganda iliyoingia kwa muda haiuziki kihalali upande wa Kenya kabla taratibu za forodha hazijakamilika. Ukitajiwa bei ya kutupwa, jumlisha ushuru kwanza.