Kinangop, ambako mche wa mti si rafiki wa kila ndege

MWANAFUNZI wa chuo kikuu nchini Kenya anapotajiwa uhifadhi wa mazingira, aghalabu hufikiria jembe, shimo na mche. Vilabu vingi vya mazingira vyuoni vimejengwa juu ya upanzi wa miti, na tangu serikali ilipozindua, Desemba 2022, mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, sherehe za aina hiyo zimezidi kushika kasi. Hata hivyo, kuna mahali nchini ambapo mche uliopandwa kwa nia njema unaweza kumfukuza ndege asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote duniani. Mahali hapo ni uwanda wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua. Huko, mwanafunzi anayetaka kusaidia hana budi kujifunza kazi nyingine kabisa: kuhesabu ndege, kupima nyasi, kutambua maua na, wakati mwingine, kung'oa miche badala ya kuipanda.

Uwanda huo umelala kati ya milima ya Aberdare upande wa mashariki na ukingo wa Bonde la Ufa upande wa magharibi, takriban mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kabla ya ukoloni, Wamaasai walilisha mifugo huko. Mkataba wa mwaka 1904 ukawaondoa, walowezi wa Kizungu wakatwaa malisho, na katika miaka ya 1960 mashamba hayo yakagawiwa familia za Wakenya kupitia mipango ya makao. Tangu hapo karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Nyasi zinazozungumziwa hapa hazimo ndani ya mbuga ya taifa. Ndege na maua yake huishi katika mashamba ya watu, ubavuni mwa viazi, kabeji na minji.

Ndege anayehusika ni mdogo, wa urefu wa sentimita 16 hivi. Kifua na tumbo lake ni vya manjano, mgongo una michirizi ya kahawia, na ukucha wa kidole cha nyuma ni mrefu kupindukia. Kwa Kiingereza huitwa Sharpe's Longclaw. Wanasayansi humwita Macronyx sharpei. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kuangamia. Huishi katika nyasi za nyanda za juu za Kenya pekee, na Kinangop ndiyo ngome yake kuu.

Historia ya jina lake ina kichekesho kidogo. Mnamo 1891 Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege katika jumba la makumbusho la Uingereza, alimpa ndege mwingine wa nyasi za Kenya jina la Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Mwaka 1904 Jackson akalipa fadhila kwa kumpa huyu wa manjano jina la Sharpe. Wenyeji, ambao mifugo yao ilizitunza nyasi hizo, hawakukumbukwa katika majina hayo. Yule ndege wa Jackson naye yuko Kinangop: dume lake jeusi hukanyaga nyasi kuzunguka kishungi kimoja mpaka pawe na uwanja wa duara, kisha hurukaruka papo hapo kama mpira ili kuwavutia majike.

Utafiti ambao kila mwanafunzi anayekwenda Kinangop hupaswa kuusoma kwanza ni ule wa Muchane Muchai, Luc Lens na Leon Bennun, uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la Biological Conservation. Ulionyesha kwamba ndege wa manjano hupendelea nyasi fupi zenye vishungi, yaani yale mafungu ya nyasi ngumu zinazosimama juu ya nyingine. Katika nyasi fupi hutafuta wadudu; kwenye vishungi hujificha na kujenga kiota. Mashamba yaliyolimwa huyakwepa. Kwa hivyo ng'ombe na kondoo, ambao katika maeneo mengine hulaumiwa kwa kuharibu mazingira, hapa ni washirika, maadamu hawajazidi kiasi: wao ndio wanaoziweka nyasi fupi. Tatizo ni kwamba mifugo haipendi kishungi, na mkulima anayetaka malisho laini hukiona kuwa gugu. Hukingoa. Shamba hubaki la kijani, lenye kupendeza machoni pa mpita njia, lakini ndege amekosa nyumba.

Kazi nyanjani

Hesabu huanza asubuhi, umande ukiwa ungali majanini, na asiyevaa gambuti huujutia uamuzi wake kabla ya saa mbili. Ndege huyu hupendelea kujibanza kuliko kuruka, hivyo kumtazama kwa darubini kutoka barabarani hakutoshi. Mbinu inayowafaa ndege wa aina yake ni kamba: wanafunzi wawili hushika ncha zake na kuipitisha juu juu ya nyasi wakitembea sambamba, ilhali wa tatu hufuata na daftari. Ndege akishtuka huinuka, huruka masafa mafupi na kutua tena. Makosa ya wanagenzi huzukia hapo, kwani yule yule aliyehesabiwa mwanzo wa shamba anaweza kuhesabiwa tena mwisho wake. Kiota kikionekana, kundi hukikwepa na kuandika mahali kilipo pasipo kukigusa.

Baadaye huja sehemu ambayo wapenzi wa ndege huielekea kwa uvivu. Fremu ya mraba yenye upande wa mita moja hutupwa au kuwekwa katika vituo vilivyopangwa, na kila kilichomo huandikwa: urefu wa nyasi, idadi ya vishungi, sehemu iliyo wazi, na maua. Katika nyasi zilizolishwa kwa kiasi huonekana klova nyeupe ya asili, Trifolium semipilosum, ikitambaa chini. Penye maji maji husimama Kniphofia thomsonii, ua lenye bua refu na kichwa cha rangi ya moto, ambalo machozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, hulifuata kwa utamu wake. Mmea usiotambulika huchunwa sampuli, hukandamizwa baina ya kurasa za gazeti kuukuu (mojawapo ya matumizi ya heshima ambayo gazeti la juzi laweza kutarajia) na kupelekwa katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi.

Anayeuliza kuhesabu maua kunamfaa nini mtaalamu wa ndege ana jibu lililoanzia humu humu nchini. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha matokeo ya utafiti wao kuhusu chozi mwenye mabawa ya dhahabu katika nyanda za juu za Kenya. Maeneo yaliyolindwa na ndege hao yalitofautiana mno kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana. Ndege hakuwa akipigania ardhi. Alikuwa akipigania maua ya kumshibisha siku nzima. Bila kuhesabu ua moja moja, jambo hilo lisingejulikana.

Kinangop yenyewe ina sifa kubwa zaidi katika vitabu vya baiolojia, ingawa wakazi wengi hawajawahi kuisikia. Ni katika uwanda huo ambapo Malte Andersson wa Uswidi aliwanasa madume 36 wa ndege mweusi mwenye mkia wa takriban nusu mita, Euplectes progne. Baadhi aliwakata mikia, wengine akawaongezea kwa gundi manyoya yaliyokatwa, na wengine akawaacha na mikia yao ya kawaida. Kisha akahesabu viota vipya katika eneo la kila dume. Waliorefushwa mikia walipata majike wengi zaidi. Makala yake ya 1982 katika jarida la Nature hufundishwa hadi leo kote duniani kama ithibati kwamba jike huchagua. Nyasi za aina hiyo zimeendelea kulimwa.

Mche na kishungi

Kazi ya mikono ya kurejesha makao ya ndege haina fahari ya kupigiwa picha. Vishungi vilivyong'olewa, au vilivyo katika kona ambayo mwenye shamba anataka kuilima, huchimbwa pamoja na mizizi, hugawanywa na kupandwa upya mwanzoni mwa mvua penye malisho yaliyo tupu. Miche ya mikaratusi na miwati inayojiotea katikati ya nyasi hung'olewa ikiwa michanga. Ndege wa nyasi wazi huhitaji upeo usiozibwa, na kivuli cha mikaratusi huangamiza pia klova na maua mengine ya chini. Haya hayana maana kwamba miti ni adui wa Nyandarua. Msitu wa Aberdare ulioko jirani unaihitaji, na kila boma linahitaji kuni. Linalopingwa ni ile dhana kwamba uwanda wa nyasi ni ardhi tupu inayongoja kupandwa kitu.

Ugumu mkubwa ni wa kifedha. Viazi huleta pesa katika miezi michache. Kishungi hakileti hata senti. Kundi la wenyeji, Friends of Kinangop Plateau, lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kuanzisha ufumaji wa sufu huko Njabini, ili kondoo, na kwa hivyo nyasi, wawe na faida kwa mwenye shamba. Shirika la Nature Kenya, ambalo asili yake ni chama kilichoundwa mwaka 1909, lilinunua vipande vichache vya ardhi vikawa hifadhi ndogo. Hatua zote mbili ni za kusifiwa, lakini ukubwa wa hifadhi hizo haulingani na ukubwa wa uwanda. Hivyo basi, mwanafunzi anayepima nyasi pekee, asimwulize mkulima bei ya gunia la viazi wala gharama ya kumlisha kondoo, anarudi chuoni na nusu ya habari.

Zipo taratibu za kufuatwa. Utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, na unaohusu wanyamapori huhitaji pia idhini ya Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori yenye makao yake Naivasha. Kunasa ndege kwa nyavu na kuwavisha pete mguuni hufanywa chini ya usimamizi wa aliyefuzu. Juu ya hayo yote kuna hodi langoni. Kibali cha Nairobi hakimfungulii mtu ua la mzee wa Murungaru ambaye hajaamkuliwa na kuelezwa kundi la vijana wenye kamba linatafuta nini shambani mwake.

Asiye na leseni wala ruzuku bado ana njia ya kuchangia. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa, na yeyote anayewatambua ndege anaweza kutuma orodha ya aliowaona. Upungufu wa orodha za wanafunzi ni kwamba hufuata kalenda ya chuo, ilhali ndege hutaga kwa kufuata mvua. Shamba lililotembelewa mara moja wakati wa likizo halielezi mengi. Lile lililotembelewa mwezi ule ule kwa miaka mitano mfululizo, hata na makundi tofauti ya wanafunzi, laweza kuonyesha kama ndege wanapungua au la, mradi fomu za kundi la kwanza zilihifadhiwa na nakala yake ikaachwa kwa mwenye shamba.