Bustani ya Mkimbizi

Leo jioni ukikaa kufuturu, kabla hujaitia tende mdomoni, itazame kidogo. Matunda hayasafiri yenyewe, yana watu waliyoyabeba. Hebu nikusimulie habari za mmoja wao.

Mwaka 750 dola ya Bani Umayya kule Shamu ilianguka, na Bani Abbas wakaanza kuwasaka waliobaki wa ukoo ule mmoja mmoja. Kijana Abdur-Rahman bin Muawiya, wa miaka kama 20 hivi, alijitosa mto Furati yeye na nduguye mdogo. Wanahistoria wanasimulia kuwa askari waliwaita kutoka ukingoni: rudini, mna amani. Yule mdogo akaamini, akageuka. Akauawa huku kakake akiona. Abdur-Rahman akaogelea mpaka ng'ambo, akatangatanga Misri na Maghrib miaka kadhaa, na mwaka 755 akavuka bahari kuingia Andalus. Mwaka uliofuata alikuwa amiri pale Cordoba, na alitawala hadi 788.

Mtu aliyepitia hayo ungedhani atajenga ngome tu, sivyo? Majengo alijenga, na msikiti mkuu wa Cordoba ni yeye aliyeuanzisha. Lakini pia alipanda bustani. Akaiita Rusafa, jina la kasri la babu yake Hisham kule Shamu, na akaipangia mada moja tu: nyumbani. Mimea ya kwao iliyoweza kupatikana ikaletwa ipandwe humo. Kulikuwa na mtende ambao aliutungia mashairi, akijiona yeye na mti ule kuwa wageni wa nchi moja.

Naam, sasa sikia ya komamanga. Inasimuliwa kuwa yaliletwa makomamanga kutoka Shamu, zawadi ya jamaa zake, na amiri akawagawia watu wa barazani. Mmoja wao, Safr bin Ubaid, hakulila lake. Alilipeleka kijijini kwake upande wa Malaga, akazitoa mbegu, akazipanda na kuzitunza mpaka mti ukazaa, kisha akamletea amiri matunda yake. Amiri alistaajabu, akayatia Rusafa. Tangu hapo aina ile ikaitwa safari, kwa jina la Safr. (Wengine husema ni kwa sababu ya safari yenyewe, na sisi Waswahili tutapenda hilo zaidi!) Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu huko, ilitoka mikononi mwao mwaka 1492, lakini kamusi za Kihispania bado zina neno zafarí kwa komamanga la namna hiyo.

Mapenzi hayo ya bustani baadaye yakawa elimu kamili. Ibn Bassal wa Toledo, karne ya 11, alizigawa ardhi aina 10 na kueleza kila moja yafaa nini. Karne ya 12 Ibn al-Awwam wa Sevilla akaandika kitabu chenye mimea 585. Si mchezo!

Je, wewe kijana, ukipewa kipande cha ua nyuma ya madrasa, utakipangia mada gani? Qatar mwaka 2008 walianzisha bustani ya mimea iliyotajwa katika Qur'ani na Hadithi. Nasi twaweza, kwa debe na ndoo zilizotoboka. Fungua Al-Baqara aya ya 61: utakuta matango, adesi, vitunguu. Ar-Rahman ina rehani, nayo mbona tunayo vibarazani siku zote. Al-Insan ina tangawizi, ambayo itaridhika na kivuli cha mwembe. Mzaituni uache. Wataka baridi ya msimu ndipo uzae, na joto la Mombasa halipoi mwaka mzima. Usije ukalaumu udongo bure.

Komamanga ndilo la kuanza nalo, kwa kuwa jua la pwani halilitishi. Mbegu itaota kama ya Safr, ila mti waweza usizae tunda sawa na la mama yake. Afadhali uombe tawi kwa jirani mwenye mti mzuri, nene kama penseli, ulichomeke kwenye mchanga wenye samadi na ulinyweshe kila siku baada ya Alasiri mpaka lishike.