Missa Luba: rekodi mbili, na swali la mtunzi

Wengi wenu mumeshasikia Sanctus ya Missa Luba bila kujua jina lake. Iko ndani ya filamu ya Uingereza inayoitwa if...., ya Lindsay Anderson, iliyotoka mwaka 1968 na kupata Palme d'Or ku Cannes mwaka uliofuata. Kijana wa shule ya bweni anaweka diski ile ile, tena na tena. Na mbele ya hapo, mwaka 1964, Pasolini alikuwa ameshatumia Gloria ya misa hiyo hiyo katika filamu yake juu ya Injili ya Matayo. Sauti hizo zilitoka Kamina. Ndiyo, Kamina yetu, ile ya reli, ambayo leo njo mji mkuu wa Haut-Lomami.

Watu wanaopenda muziki wa misa wanalinganisha sana rekodi mbili. Ya kwanza ni ya 1958, ya korali iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Ya pili ni ya 1990, ya Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga. Wanauliza: ipi ni nzuri zaidi? Mimi naona swali hilo ni dogo. Kamata saa moja, sikiliza zote mbili moja baada ya nyingine, utaona swali lingine linajitokeza lenyewe: nani hasa alitunga misa hii?

Tuanze na yale yanayojulikana. Mwezi wa 9 mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kuongoza shule ya Kamina. Hakukawia kuanzisha korali: wavulana karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu kama 15. Wakati ule wamisionari wengi walikuwa wanaona ngoma ni kitu cha shetani, basi tumpe haki yake: yeye aliifungulia mlango wa kanisa. Misa iliimbwa mara ya kwanza ku misioni ya Mtakatifu Bavon, hapo hapo Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Miezi michache baadaye watoto wakapanda ndege kwenda Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Safari hiyo ilipita pia kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels, Expo 58, na ni mwaka huo njo kampuni ya Philips ilitoa diski.

Kumbuka pia kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa bado. Maneno ya misa yalibaki Kilatini, hapakuwa na ruhusa ya kugusa hata herufi. Kilichoweza kubadilika ni njia ya kuimba tu. Na hapo maelezo yaliyosindikiza ile diski yanasema jambo moja ambalo watu wanalipita haraka: hakuna noti iliyoandikwa. Waliimba kwa kubuni pamoja, juu ya nyimbo walizozijua tangu nyumbani.

Sasa fungua Kyrie ya 1958. Joachim Ngoi anaanza peke yake, korali inamjibu. Njia hiyo ni ya kasala, yaani yale maneno ya kuimba ambayo Waluba wanatumia kusifu mtu, kutaja wakubwa wake, na zaidi sana kulilia marehemu. Anayejua kasala anaelewa mara moja kwa nini ilifaa. Kyrie ni kuomba huruma, na mtu wa kilio anajua kuomba huruma kuliko mtu mwingine yeyote. Sanctus yenyewe imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Inaenda polepole, kama watu wanaosindikiza mgeni paka kwenye njia panda, halafu Hosanna inakuja na mdundo wa kucheza wa Kasai, na yote yanageuka. Kipande chote hakifiki dakika mbili! Agnus Dei inatoka kwa wimbo wa Bena Lulua, watu wa upande wa Luluabourg, leo Kananga.

Tupite ku rekodi ya 1990. Hapa wanaoimba ni watu wazima, wanaume na wanawake. Sauti ni pana, zimepangwa vizuri, kila neno la Kilatini linasikika, na mitambo ya kurekodi imepiga hatua ya miaka 30. Kama unataka kusikia vile misa hii imejengwa, sauti juu ya sauti, chukua hii. Lakini kuna kitu kimebadilika, na si makosa ya Muungano. Wao walikuta kazi iliyo tayari, yenye noti zilizochapishwa tangu miaka ya 1960. Pale ambapo Ngoi anatafuta njia, mwimbaji wa Nairobi anaijua njia tayari. Ngoi anapindisha sauti mwishoni mwa mstari sawa vile alivyojisikia siku ile. Nairobi pindo lile limekuwa sehemu ya kazi, linaheshimiwa, linarudiwa. Kwenye diski hiyo hiyo Muungano waliweka pia nyimbo za makabila ya Kenya, na ukisikiliza vizuri, pale njo wanaachilia mikono. Pale wako nyumbani.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kilimo, na jambo hili nalijua kwa upande wa mbegu. Mama mmoja anachagua mahindi yake kila mwaka, miaka na miaka, mpaka anapata ile inayovumilia jua la kwake. Siku moja mtu wa mjini anakuja, anachukua kilo mbili, anapima, anaandika, anaweka kwenye mfuko na kuipa jina. Kazi ya kuandika ni kazi ya kweli, bila hiyo mbegu ingeweza kupotea. Lakini toka siku ile, mbegu iko na jina la aliyeandika. Ku Missa Luba ni vilevile. Juu ya karatasi za noti na juu ya diski, jina kubwa ni la Padri Haazen. Ngoi anatajwa kama mwimbaji wa solo. Watoto 45 na walimu wao wanabaki chini ya jina la pamoja, tena jina la mfalme wa Ubelgiji!

Mtu anaweza kusema: ndiyo desturi ya wakati ule, Mwafrika hakuweza kuitwa mtunzi. Hapana. Katika Katanga hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, Joseph Kiwele wa Élisabethville alikuwa anaandika muziki wake na kuutia sahihi. Missa Katanga ni yake, na baadaye, wakati wa kujitenga, wimbo La Katangaise pia ni wake. Tofauti ni kwamba Kiwele alishika kalamu. Kamina walishika ngoma, kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kuna jambo la pili ambalo rekodi ya 1958 inalo. Angalia tena pale nyimbo zinapotoka: kasala ya upande wa Ngandajika, mdundo wa Kasai, wimbo wa Bena Lulua. Hii yote iliimbwa Kamina, katikati ya Waluba wa Katanga. Ilifikaje? Mimi naona jibu ni reli. Njia ya BCK, iliyofika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928, ilipita Kamina na Luluabourg, na juu yake watu wa Kasai walishuka kwa maelfu kutafuta kazi Katanga. Walikuja na wake zao, na vilio vyao, na nyimbo zao za harusi. Mtoto wa Kamina mwaka 1958 hakuhitaji kwenda Ngandajika kujifunza kasala, alikuwa anaisikia kwenye kilio cha jirani. Neno Luba katika jina la misa linabeba pande zote mbili.

Na sisi tunajua kilichokuja nyuma. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wakalala wiki nzima kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengine hawakufika. Reli ile ile. Nikisikiliza Agnus Dei ya 1958 siwezi kutenganisha mambo hayo, na sidhani msikilizaji wa Brussels au London anayasikia. Ni sisi tu tunaoweza kuyasikia, na sisi njo hatuisikilizi.

Hata Brussels ya 1958 ilikuwa na pande mbili. Watoto wa Kamina walipigiwa makofi. Kwenye Expo hiyo hiyo mafundi wa Kongo walikuwa wamewekwa katika kijiji cha kuonyesha, nyuma ya uzio, wageni wakiwatupia ndizi na matusi, paka wakakataa kuendelea na kurudi nyumbani kabla ya wakati. Kwa hiyo mtu akikuambia rekodi ya 1958 ni ya zamani nzuri, isiyo na makovu, mwambie aangalie tarehe.

Ningechagua ipi basi? Kwa kufundisha korali ya chuo, Muungano, kwa sababu kila sauti inafuatika na vijana wetu watajifunza haraka. Kwa kuelewa misa hii ni nini, ya 1958, na makelele yake yote.

Ila kuna rekodi ya tatu ambayo bado haijafanywa. Wavulana waliokuwa na miaka 9 mpaka 14 mwaka 1958 walizaliwa kati ya 1944 na 1949. Wachache wangali hai. Munaotoka Kamina, au muko na wazee waliosoma ku misioni wakati ule, chukueni simu, muwekeni mzee karibu na mikro, na mumuulize maswali mepesi: nani alileta wimbo huu? Nani aliwafundisha jibu la Kyrie? Ngoma alipiga nani? Andikeni majina sawa vile anayatamka, na jina la kijiji, na jina la mama yake kama analikumbuka. Tutumieni, tutayaweka hapa moja moja.