Kumfundisha Mwalimu Aliye Mbali: Toka Kijitabu hata Kishikwambi

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyetimiza umri wa kwenda shule awe na nafasi darasani. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha katika muda mfupi namna ile. Ikabuniwa basi njia nyingine, nayo ni kumfundisha mwalimu ualimu akiwa kazini, kijijini mwake. Mpango huo ulianza 1976 ukaendelea hata 1984. Walioingia walizidi 45,000, na waliohitimu walikaribia 38,000.

Wengi wao walikuwa vijana waliotoka darasa la saba. Asubuhi walisimama mbele ya watoto, na alasiri wakageuka kuwa wanafunzi. Masomo yaliwajia katika vijitabu, redio ikayaongezea maelezo, na mratibu wa elimu wa kata akawakutanisha, akasahihisha kazi zao na kuwatazama wakifundisha. Mwisho walikwenda chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani.

Wazo lenyewe halikuwa geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 Kenya ilikwisha anzisha huko Kikuyu, chini ya chuo kikuu cha Nairobi, idara ya masomo ya posta na redio kwa walimu wa shule za msingi wenye elimu haba. Tofauti iliyo kubwa kwa mtaalamu wa lugha ni hii: mwalimu wa Kenya alisomea cheti cha mtihani uliofanywa kwa Kiingereza, hivyo lugha ya kozi ilikuwa lugha ya mtihani. Tanzania, ambayo tangu 1967 ilikwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, ilimpa mwalimu wake kozi katika lugha ya darasa. Aliyejifunza alasiri kwamba namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili, aliweza kuyaandika maneno hayo hayo ubaoni asubuhi ya pili bila kuyafasiri. Faida hii ni rahisi kuipuuza, kwa kuwa haionekani katika hesabu za waliohitimu.

Hata hivyo watu hawakuwatendea haki. Herufi za UPE, zilizokuwa kifupi cha elimu ya msingi kwa wote kwa Kiingereza, zikapewa tafsiri ya dhihaka: "Ualimu Pasipo Elimu." Kadhalika waliopitia mafunzo ya haraka miaka ya 2000 wakaitwa "vodafasta," kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Majina haya ni ushahidi wa historia kama zilivyo nyaraka za wizara. Yaonyesha kwamba umma humpima mwalimu kwa urefu wa njia aliyopitia, wala hauulizi alivyotazamwa akiwa njiani; na aliyebandikwa jina la namna hiyo hana budi kulibeba mbele ya wazazi wa watoto anaowafundisha.

Sasa mtandao umeshika nafasi ya posta. Baada ya kutolewa mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020, yakaanzishwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambamo Taasisi ya Elimu Tanzania huweka masomo katika mfumo wa mtandaoni. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 vikagawiwa walimu baadaye. Ni rahisi kudhani kwamba kuunda kozi ya namna hii ni kukihamisha kijitabu kutoka karatasini hata kiooni. Lakini katika mpango wa 1976 kijitabu ndicho kilichokuwa kiungo dhaifu kuliko vyote: hakikuweza kujua kama msomaji amekwama. Nguvu ilikuwa kwa mratibu. Waliobuni MEWAKA hawakulisahau jambo hili, maana waliweka pia jumuiya za ujifunzaji shuleni na vituo vya walimu. Hatari ni kwamba sehemu ya mtandaoni ndiyo inayohesabika upesi. Mfumo waweza kutaja saa na dakika mwalimu alipofungua ukurasa. Hauwezi kutaja kama mtoto wa dawati la nyuma ameelewa. Kozi inayomtaka mwalimu ajaribu somo darasani, kisha alete daftari za wanafunzi wake mbele ya wenzake wazijadili, humtoza kazi zaidi, na huzaa zaidi.

Limebaki suala la maandishi yenyewe. Mwandishi wa kozi ya mbali husema na mtu mmoja asiye na wa kumwuliza. Sentensi kama "inatarajiwa kwamba mshiriki ataweza kubainisha" ina harufu ya tafsiri, nayo humsukuma msomaji nje ya mazungumzo. "Ukimaliza utaweza kueleza" humwingiza ndani. Kiswahili kina njia nyepesi za kumwelekeza mtu mmoja kwa heshima: jaribu, kisha uandike ulichokiona. Hata istilahi mpya hazikosi mizizi. "Pakua" ilikuwa kazi ya mpishi chunguni na ya mchukuzi bandarini kabla haijawa kazi ya mwenye simu, na hakuna mwalimu anayehitaji kufafanuliwa maana yake mara mbili. Lakini kozi ya Kiswahili safi yaweza kuwekwa ndani ya mfumo ambao vitufe na maonyo yake ni ya Kiingereza, na hapo ndipo mwalimu hukwama, nje ya mlango, kabla hajaliona somo. Mwenzake wa 1976 alipokwama alikiweka kijitabu kando, akamngoja mratibu.