Boma la Kochieng, Thimlich Ohinga

Boma hili la Migori, mashariki ya Ziwa Viktoria, lililojengwa takriban karne ya 16 kwa mawe yaliyopangwa pasi na chokaa wala udongo, lingali lasimama, kuta zikifikia mita 4.5. Humo walilala watu na mifugo yao, wahunzi wakifua chuma, na wenye faragha wakicheza ajua kwenye bao lililochongwa mwambani. Mlango ulifanywa mfupi kwa kusudi, ili adui aingie ameinama, hali walinzi wamemngoja ndani. Hila ya ustadi kweli! Waliokuja baadaye, Wajaluo miongoni mwao, walizikarabati kuta hizo hata mwanzo wa karne ya 20. UNESCO iliorodhesha Thimlich Ohinga katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Tafadhali, mgeni wetu, usipande ukutani.