Idhini Kabla ya Sheria: Kisa cha Kura Nchini Marekani

Ndugu msomaji, chukua kalamu uchore mraba. Sasa zikate kingo zake hapa na pale, mpaka upate umbo lenye pande 28. Mwaka 1957 bunge la jimbo la Alabama lilifanya hivyo kwa mpaka wa mji wa Tuskegee. Mpaka mpya ulipokamilika, wapiga kura weusi wapatao 400 walijikuta nje ya mji wao, wakabaki ndani wanne au watano tu. Weupe hawakuguswa. Hakuna sheria iliyotamka kwamba mtu mweusi asipige kura katika mji ule. Mstari wa ramani ulitosha.

Wakazi, wakiongozwa na mwalimu Charles Gomillion, walikwenda mahakamani. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaunga mkono. Walishinda, lakini tazama gharama yake: miaka mitatu ya mashtaka kwa ajili ya mstari mmoja wa mpaka. Swali linalozaliwa hapa ndilo kiini cha makala hii. Je, sheria mbaya ya uchaguzi izuiwe kabla haijatumika, au aliyeumizwa aachwe aende kushtaki baadaye?

Ili tulielewe swali hilo, tukumbuke kwamba Marekani ni shirikisho la majimbo 50. Katika nchi zetu nyingi za Afrika Mashariki, tume ya taifa ndiyo inayosimamia uchaguzi. Kule kila jimbo hutunga sheria zake za uchaguzi: nani asajiliwe, vituo viwe wapi, mipaka ipite wapi. Juu ya majimbo ipo Katiba. Marekebisho yake ya 15, yaliyopitishwa mwaka 1870, yanakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa, nayo yanalipa Bunge la shirikisho mamlaka ya kuyatekeleza.

Hata hivyo, maandishi hayajilindi yenyewe. Mwaka 1890 jimbo la Mississippi lilijiandikia katiba mpya yenye kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma au kufafanua kifungu cha katiba. Majimbo mengine ya Kusini yalifuata njia hiyo. Msajili ndiye aliyechagua kifungu, ndiye aliyesahihisha jibu. Mweupe alipewa sentensi nyepesi. Mweusi, hata awe mwalimu, aliambiwa ameshindwa. Kila mahakama ilipofunga mlango mmoja, majimbo yalifungua mwingine.

Mfano ulio wazi zaidi ni Kaunti ya Dallas, Alabama, ambayo makao yake makuu ni mji wa Selma. Serikali ya shirikisho iliishtaki mwaka 1961. Baada ya miaka minne ya kesi, idadi ya wapiga kura weusi waliosajiliwa ilipanda kutoka 156 hadi 383, ilhali weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa takribani 15,000. Haki kwa mwendo huo ingehitaji karne nyingine.

Ndipo, tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 walipovuka Daraja la Edmund Pettus mjini Selma. Askari wa jimbo waliwapiga kwa marungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Kijana John Lewis alipasuliwa kichwa. Taifa zima liliona picha hizo kwenye televisheni. Tarehe 6 Agosti mwaka huohuo, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kiligeuza mambo. Majimbo na kaunti zilizokuwa na historia ya mitihani ile na idadi ndogo ya wapiga kura hayakuruhusiwa tena kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi bila idhini. Neno hili, mwanafunzi, tulipime vizuri. Idhini ni ruhusa inayotolewa na mwenye mamlaka, nayo hutangulia tendo. Jimbo lilipaswa kupeleka badiliko lake kwa Mwanasheria Mkuu wa shirikisho, aliyekuwa na siku 60 za kulipinga, au kwa mahakama ya majaji watatu mjini Washington. Na jimbo ndilo lililobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba halibagui. Kabla ya hapo mnyonge alithibitisha kuwa ameonewa. Sasa mwenye nguvu alithibitisha kuwa haonei.

Matokeo yalionekana upesi. Mississippi, ambako ni asilimia 6.7 tu ya weusi waliokuwa wamesajiliwa mwaka 1965, ilifikia asilimia 76.1 mwaka 2004. Na kinga hiyo ilifika hata vijijini. Mwaka 2001, katika mji mdogo wa Kilmichael, Mississippi, meya na baraza la madiwani, wote weupe, walifuta uchaguzi ghafla baada ya weusi wengi kuliko wakati wowote kutangaza kugombea. Serikali ya shirikisho ilikataa. Uchaguzi ulipofanyika, mji ulimpata meya wake wa kwanza mweusi na madiwani watatu weusi.

Tuwe waadilifu: hoja za upande wa pili hazikuwa hafifu. Tangu mwaka 1966, Jaji Hugo Black, mwenyewe mzaliwa wa Alabama, aliona kwamba si heshima jimbo kwenda Washington kuomba ruhusa ya kutumia sheria yake. Tena, kwa nini majimbo machache tu, ikiwa yote ni sawa mbele ya Katiba? Bunge lilizipima hoja hizo kila lilipoirefusha sheria. Mwaka 2006 Seneti iliirefusha kwa kura 98 bila pingamizi.

Lakini tarehe 25 Juni 2013, katika kesi iliyoletwa na Kaunti ya Shelby ya Alabama, Mahakama ya Juu ilibatilisha kigezo cha kuamua ni majimbo gani yaombe idhini. Majaji watano walikubaliana, wanne wakapinga. Jaji Mkuu John Roberts alisema kigezo hicho kilitegemea hali ya miaka 40 iliyopita, na nchi imebadilika. Jaji Ruth Bader Ginsburg alijibu kwamba kufanya hivyo ni sawa na kutupa mwavuli katikati ya mvua kwa kuwa hujalowa. Kifungu cha 5 hakikufutwa, ila kilibaki kama kufuli lisilo na mlango.

Siku hiyohiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho, iliyokuwa imekataliwa. Carolina Kaskazini ilipitisha sheria mpya mwaka 2013. Mahakama ya rufani iliibatilisha mwaka 2016, ikisema ilitungwa kwa nia ya kuwabagua weusi. Hukumu ilikuwa ya haki, lakini uchaguzi wa mwaka 2014 ulikuwa umekwisha kufanyika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Historia hii yatuonyesha pia kwamba ufa una mwenyewe, na mara nyingi mwenye ufa hataki uzibwe. Basi, msomaji, sheria ya uchaguzi inapobadilishwa karibu nawe, usiishie kuuliza inasema nini. Uliza ni nani anayepaswa kuthibitisha kwamba ni ya haki, na iwapo atafanya hivyo kabla au baada ya kura kuhesabiwa.