Mdundo wa Mababu au Mdundo wa Jana? Ngoma za Afrika Magharibi na Ushuhuda wa Kanisa

Katika sharika nyingi ngoma ya djembe, iliyotoka Afrika Magharibi, si mgeni tena. Vijana wa kwaya huinunua mjini, huifunga kamba mabegani, na Jumapili huipiga kwa mikono miwili. Jina lake huwachekesha wazee, maana kwetu jembe ni la kulimia. Baada ya kicheko huja mabishano. Mzee huuliza kama mdundo ule si wa matambiko ya watu wa mbali. Kijana hujibu kwamba ni mdundo wa asili wa Mwafrika, umetoka kwa mababu, na kwa hiyo una haki ya kuingia nyumbani mwa Bwana. Mmoja anauogopa kwa sababu ni wa kale. Mwingine anaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili wameamini jambo moja bila kulipima, kwamba mdundo huo umetufikia kama ulivyotoka mikononi mwa mababu.

Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kulipima kila jambo kabla ya kulikumbatia au kulitupa. Basi na tulipime hili, tukianzia kule lilikotoka.

Nchini Guinea, katika eneo la Hamana karibu na Kouroussa, Wamalinke wamepiga ngoma hizi kwa vizazi vingi. Huko mdundo una kazi yake. Soli huambatana na jando. Kassa hupigwa shambani wakati watu wanalima pamoja, ngoma ikiwapa nguvu wenye majembe. Dununba ni ngoma ya wanaume wenye nguvu, ambamo marika huonyeshana ushujaa. Djembe haisimami peke yake. Chini yake zipo ngoma tatu za dunun zinazopigwa kwa fimbo, nazo ni kenkeni, sangban na dununba. Hizo ndizo zinazobeba wimbo wa mdundo, na djembe huzungumza juu yake. Mpigaji humtazama mchezaji, naye mchezaji humjibu. Hakuna anayetazama saa. Ngoma huisha kazi inapokwisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Fodéba Keïta, mzaliwa wa Siguiri, aliunda huko Paris kundi lililoitwa Les Ballets Africains. Jukwaa lina amri zake. Watazamaji wamekata tiketi, wameketi, na hawatacheza. Kwa hiyo mdundo uliojaza usiku ulipunguzwa ukawa wa dakika chache. Midundo ya makabila mbalimbali iliunganishwa katika onyesho moja. Ziliongezwa alama za kuwafanya wapigaji wote wasimame na kuanza kwa pamoja, na djembe zikapangwa mstari mbele ya watu. Guinea ilipopata uhuru tarehe 2 Oktoba 1958, kundi hilo likawa la taifa. Famoudou Konaté, mpigaji kutoka Sangbaralla huko Hamana, alijiunga nalo mwaka 1959. Mwaka 1964 kijana Mamady Keïta alichukuliwa katika kundi jingine la taifa lililoitwa Djoliba, akiwa na umri wa miaka 14 hivi.

Rais Sékou Touré alifariki mwaka 1984. Baada ya hapo mabwana hawa wa ngoma walipata nafasi ya kwenda kufundisha ng'ambo, na wanafunzi wa Ulaya, Marekani na Japani wakawamiminikia. Mara nyingi mwanafunzi aliambiwa kwamba anajifunza mdundo wa kijiji, kumbe alichokishika kilikuwa kimepita jukwaani kwa miaka thelathini. Si kwamba walimu walikuwa waongo. Walikijua kijiji na walilijua jukwaa, na vyote viwili vilikuwa maisha yao. Lakini aliyenunua kanda au somo hakujua mpaka uko wapi.

Hapo pana jambo la kuhuzunisha ambalo hatupaswi kuliruka. Katika miaka hiyo hiyo ambayo serikali ya Guinea iliziinua ngoma jukwaani, ilianzisha kampeni ya kuvunja mila za siri, hasa katika eneo la misitu. Barakoa takatifu zilitolewa hadharani na nyingine kuharibiwa. Jando la msituni likapigwa marufuku. Ngoma ilisifiwa kwenye jukwaa la taifa na kunyamazishwa msituni. Waliotaka sura ya mila waliogopa uhai wake.

Twende sasa Ghana. Pwani ya Accra kuna ngoma ya Waga iitwayo kpanlogo. Leo hufundishwa duniani kote kama ngoma ya jadi. Lakini ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 mikononi mwa vijana wa mjini, na jina la Otoo Lincoln hutajwa sana katika kuanzishwa kwake. Vijana hao walikuwa wamesikia muziki wa dansi wa highlife na muziki wa roki. Wakubwa waliilalamikia kuwa ya aibu. Miaka michache tu baadaye ikawa fahari ya taifa.

Kwa Waewe mambo yalikuwa karibu hayo hayo. Ngoma yao ya borborbor ilianzia Kpando mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwanzilishi wake anayekumbukwa ni F. C. Nuatro. Ilipata nguvu katika siku za kupigania uhuru, hata ikahusishwa na Kwame Nkrumah. Leo utaikuta misibani, kwenye sherehe, na makanisani, akina mama wakipunga vitambaa vyeupe huku wakimsifu Mungu. Mtoto aliyezaliwa Kpando leo ataapa kwamba ni ngoma ya mababu zake. Naye hakosei sana, maana babu yake aliipiga kweli.

Sasa tufike pale panapotuhusu sisi kama Kanisa. Wamisionari wa Basel walifika Pwani ya Dhahabu, ambayo sasa ni Ghana, mwaka 1828, na mwaka 1835 wakajenga kituo Akropong. Waliobatizwa walihamia katika mtaa wao uliojulikana kama Salem, mbali na mji wa chifu, na ngoma ikabaki upande wa pili. Tusiwahukumu haraka. Waliisikia ngoma kwenye ibada za miungu na kwenye mazishi ya machifu, wakaona imefungamana na mambo ambayo Injili ilikuja kuyavunja. Lakini hawakuijua lugha yake. Lugha za Waakan hupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma mbili za atumpan huiga kupanda na kushuka huko, hata zikasema majina, methali na salamu. Kuifungia ngoma nje kulikuwa kufungia nje sehemu ya usemi wa watu.

Aliyelipia gharama ya kuirudisha ni mwalimu Ephraim Amu. Alizaliwa Peki, katika nchi ya Waewe, mwaka 1899, akawa mwalimu katika chuo cha Kipresbiteri cha Akropong mwaka 1926. Alikuwa Mkristo wa kweli, tena mhubiri. Aliona kwamba nyimbo za Kizungu zilizotafsiriwa ziliyavunja maneno ya watu wake: wimbo ulipanda pale neno lilipotaka kushuka, na maana ikapotea. Akaanza kutunga nyimbo za ibada zinazofuata usemi wa Kiewe na Kitwi na midundo ya huko. Akawafundisha wanafunzi kupiga ngoma na filimbi. Akapanda mimbarani amevaa vazi la kwao badala ya suti. Viongozi wa kanisa walichukizwa. Mwaka 1933 aliondolewa chuoni. Hakuiacha imani. Alikwenda kufundisha Achimota, akaendelea kutunga, na leo nyimbo zake huimbwa katika makanisa ya Ghana. Alifariki mwaka 1995.

Je, muziki wa Amu ulikuwa halisi? Kama halisi maana yake ni kitu kisichobadilika, jibu ni hapana. Alitunga kwa sauti nne kama kwaya za Ulaya, akaandika noti, na baadaye akasomea muziki London. Hakuna babu wa Peki aliyewahi kuimba hivyo. Lakini Mwakani au Mewe aliposikia wimbo wake alisikia neno likisemwa sawasawa, kwa sauti ya nyumbani, likimwelekea Mungu. Kwa kipimo hicho kuna muziki gani ulio halisi zaidi?

Hapa ndipo tunapoona kosa la mzee na kosa la kijana katika mabishano tuliyoanza nayo. Wote wawili wanaufanya mdundo kuwa kama mfupa wa kale uliochimbwa ardhini. Lakini mdundo ni kama neno la mdomoni: lina asili, lina safari, na hubadilika likipokelewa. Aliyeulizwa kama mdundo ni halisi hapaswi kuhesabu miaka tu. Anapaswa kuuliza ni nani anayeuitikia, ulikuwa ukisema nini kule ulikotoka, na sisi tunasema nini kwa huo. Dununba ikipigwa na mtu ambaye hajui kuwa ni ngoma ya mashujaa haiwi dhambi kwa sababu hiyo. Lakini haiwi urithi pia. Ni kelele nzuri. Na anayetaka kuileta mbele za Bwana kwa heshima ajifunze kwanza ilisema nini, kisha aeleze ukweli wa safari yake bila kuipamba kwa maneno ya mababu.

Biblia yenyewe haikuuliza umri wa tari la Miriamu pale ng'ambo ya bahari. Iliandika alichokuwa akikishangilia.

Liko jambo moja la mwisho, nalo linatugusa sisi wenyewe. Kwa nini vijana wetu wanaazima ngoma kutoka Guinea? Kwa sababu za kwetu wengi wao hawazijui. Huku nako misheni nyingi ziliwakataza waumini kwenda ngomani, na wazazi wetu walitii kwa moyo mnyofu. Walipoziacha, hawakutufundisha. Sasa tunasimama tukibishana juu ya uhalisi wa mdundo wa Hamana, wakati bibi aliyeketi benchi la nyuma anaujua mdundo wa kuvuna wa kijiji chetu na hakuna aliyewahi kumwomba aupige hata kwa viganja.

Tusiwanyang'anye vijana djembe yao. Ila kabla ya kwaya kufanya mazoezi tena, tumwendee bibi huyo, tumwamkie, tukae chini yake, na tumwulize ngoma ya kwao ilikuwa ikisema nini.